Uliza Fundi: Ninunue kichwa cha lori sasa au nisubiri injini mpya ya mwakani?

SWALI
Shikamoo mzee. Mi ni msomaji wako wa Mafinga, nafanya biashara ya mbao, napeleka Dar, na miaka yote nakodi magari ya watu. Sasa benki wamekubali kunikopesha na niko tayari kuchukua kichwa kipya cha Kichina, ekseli tatu, ile injini ya lita 9.7 hospawa 371 ambayo kila mtu huku anaijua. Tela ninayo tayari, ya ekseli tatu, nilichukua kwa shemeji. Tatizo nilipoenda kwa wakala kijana wa mauzo akanivuta pembeni akaniambia bosi ningekuwa wewe ningesubiri, mwakani tunaleta ya lita 13, hospawa 480, gia automatiki, na mafuta inakula kidogo. Tangu siku hiyo silali. Kaka yangu anasema subiri, utanunua kitu kitakachopitwa na wakati hata rejesho hujamaliza. Mke wangu anasema nunua, kila mzigo tunaompa mtu atubebee ni hela inayotoka nyumbani kwetu. Nifanyeje mzee wangu?

JIBU
Marahaba kijana wangu, na hongera kwa benki kukukubalia, si jambo dogo hilo. Kwenye hili mimi niko upande wa mkeo, nunua sasa, ila kuna sharti moja nitakupa huko chini na hilo usilikwepe hata kidogo.

Tuanze na hela maana ndo inayokunyima usingizi. Injini mpya inakuja na sifa ya kula kidogo, sawa, lakini kidogo kiasi gani? Scania walipotoa familia yao mpya ya lita 13 wanayoiita Super, Novemba 2021, walitangaza wenyewe kwamba inaokoa mafuta asilimia 8 ukilinganisha na ile ya kabla yake, na kwenye injini za malori hiyo ni hatua kubwa sana, miaka mingi watu wanahangaikia asilimia moja moja. Haya tuipe heshima hiyo yako ya mwakani, tuseme nayo itaokoa 8. Mafinga hadi Dar ni kama kilomita 580, kwenda na kurudi unakaribia 1,200, tuseme gari inakula lita 500 safari nzima, asilimia 8 yake ni lita 40, ukipiga kwa shilingi 3,000 kwa lita unapata 120,000. Safari tatu kwa mwezi, kwa mwaka 36, umeokoa 4,320,000. Sasa chukua daftari lako, angalia hela uliyowalipa wenye magari mwaka jana, igawe kwa safari ulizopiga, toa mafuta, dereva na utingo, tairi, servisi, vibali, na rejesho la benki, kinachobaki hapo ndo unachokiacha barabarani kila safari ukikaa kusubiri. Kama kinabaki hata laki tano tu, kwa safari 36 ni milioni 18. Yaani mwaka mmoja wa kusubiri utaurudisha kwa zaidi ya miaka minne ya hizo lita arobaini, na hapo hatujagusa bei ya kununulia, maana lita 13 na gia automatiki hakuna atakayekuuzia kwa bei ya 371.

Alafu hizo hospawa. Najua 480 inavutia, nani asiyependa gari inayopanda Kitonga bila kulia, lakini mzigo wako hauamuliwi na injini, unaamuliwa na mizani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ambayo kwetu imeanza kutumika Machi 2019, ekseli ya mbele ni tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, na tela yako ya ekseli tatu tani 24, jumla 50 gari pamoja na mzigo. Zile 56 unazosikia watu wanazitaja ni za gari yenye ekseli saba na kuendelea, wewe huna. Kwahiyo ukipita mizani ya Wenda na 371 ni tani 50, ukipita na 480 ni tani 50 hizohizo, hakuna ubao mmoja utakaoongeza. Ulichonunua ni muda wa kupanda mlima, nao ukishapanda unakuta vibao vya 50 kila kijiji mpaka uchoke, na Mikumi hifadhini nako unabanwa mwendo. Dereva atafurahi sana, kweli, na gari haitachoka haraka, hivyo sivipuuzi. Ila havilipi mwaka mzima wa kukaa.

Kaka yako nampenda kwa kukujali lakini kwenye hoja ya kupitwa na wakati amekosea. Hiyo injini ya lita 9.7 mzizi wake ni Steyr ya Austria, Wachina walichukua teknolojia yake miaka ya 80, kwahiyo kama ni kupitwa na wakati imepitwa zamani sana, na bado kila siku inashusha mzigo Tunduma. Angalia Scania 113, familia yake ilitoka 1987, leo hii nzima ikitangazwa kuuzwa Mbeya watu wanapigiana simu. Huku kwetu gari inashikilia bei kwa sababu fundi anaijua na spea zake zipo. Kichwa kikikuzimia Makambako saa nane usiku, kama ni hiyo 371 ya pampu ya kawaida, atakuja kijana na boksi lake la spana na tochi mdomoni, atatoa upepo kwenye mafuta, atakagua filta, kabla hakujakucha umeondoka. Hiyo mpya ni ya koman reli, nozeli zake zinapigiwa mafuta kwa presha kubwa mno, uchafu kidogo wa dizeli ya kwenye madumu ya pembeni mwa barabara unaziua, na ikizima inataka mtu mwenye kompyuta ya kuisoma, sasa uliza wakala wako yuko mtu wa namna hiyo kati ya Iringa na Mbeya au mpaka atoke Dar? Mwaka wa kwanza wa injini yoyote mpya nchini ni mwaka wa wenye magari ishirini wanaoweza kuegesha moja wiki mbili wakisubiri sensa ya injini. Wewe una moja, na ina mkopo.

Sasa sharti langu, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ni uhai wa mtu.

Wewe mzigo wako mzito unashuka. Watu wengi wanaobishana kuhusu Kitonga wanabishana kuhusu kupanda, wanasahau kwamba mbao za Mafinga zinashuka Kitonga zikiwa zimejaa, kinachopanda ni saruji au mbolea kama umepata mzigo wa kurudi, na kama hujapata unapanda tupu. Kwahiyo kitu cha kwanza kuuliza kwenye injini yako ni inavyozuia, kuvuta kuje baadaye. Injini nyingi mpya kubwa zina breki ya injini yenyewe, ile inayobana hewa ndani ya silinda na kuiachia, inazuia kwa nguvu kuliko breki ya ekzosi peke yake ambayo inaziba tu moshi kwenye bomba. Hii ndo faida pekee ya hiyo ya mwakani ambayo ningekuwa tayari kuilipia. Ila si lazima usubiri mwaka, kwenye hizohizo 371 kuna zinazokuja na breki ya injini na kuna zinazokuja na ya ekzosi tu, mwambie wakala unataka yenye breki ya injini, iandikwe kwenye mkataba, na siku ya kupokea gari ijaribuni kwenye mteremko. Akikwambia haipo kabisa na hawezi kuileta, hapo ndo nitakwambia acha, tafuta wakala mwingine.

Na dereva wako akae chini umwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Pale juu kabla ya kuanza kushuka asimame, ateremke, azunguke gari yote na tela, asikilize kama kuna bomba la upepo linavuja, aangalie geji ya upepo imejaa, ndo aingize gia. Gia ambayo angepandia akiwa na mzigo huohuo ndo ya kushukia au chini yake, na asiibadilishe katikati. Mguu wa breki ni wa kugusa kwa vipindi, si wa kulalia, kwa sababu ukilala pale ngoma zinachemka, zikishachemka breki haishiki hata ungekanyaga kwa miguu yote miwili. Kuachia gari frii ili kuokoa mafuta kumeshaua watu wengi sana kwenye barabara hii, miteremko ya Inyala na Iwambi kule Mbeya wote mnaijua, na hakuna mafuta yoyote yanayookolewa hapo, gari ikishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta injini inakata dizeli yenyewe. Dereva atakayekwambia yeye ana uzoefu haya hayamhusu usimpe funguo.

Ukirudi kwa wakala sasa una silaha. Kijana kakwambia mwenyewe kwamba mpya inakuja, basi maana yake hizi zilizoko uani wanataka ziondoke kabla hiyo haijafika. Mwambie bosi wake, nimesikia mwakani mna mpya, hii mtaipunguza, nipunguzieni leo. Kama bei haishuki omba vitu, servisi za mwaka wa kwanza, filta za kutosha, tairi ya ziada, seti ya nozeli. Waambie na tarehe ya kukabidhi gari iandikwe, maana barabara za msituni zikikauka baada ya mvua unatakiwa uwe tayari, kichwa cha kufika Septemba kwa mtu wa mbao ni nusu ya mwaka imeenda.

Ungekuwa na gari nyingine inayokuingizia hela, au mzigo wako ungekuwa wa kwenda Lubumbashi wiki kwa wiki ambako zile lita zinakuwa nyingi kweli, ningekwambia subiri, na hata hapo ningesema subiri wenzako waitembeze mwaka mmoja kwanza. Endesha hii yako miaka mitatu. Hizo lita 13 zitakuwa zimeshajulikana udhaifu wake, spea zitakuwa zimejaa Mbeya, na 371 iliyotunzwa utaiuza bila shida.

SWALI
Habari mzee, niko Tunduma. Nina hela ya kutosha kuagiza Scania ya mtumba ya 2012 kutoka Uingereza, Euro 5, kile kiwango cha moshi cha Ulaya. Jamaa zangu wanasema nijikaze nisubiri niongeze hela nichukue ya 2016 yenye injini mpya ya Euro 6, eti ndo ya kisasa. Kazi zangu ni Tunduma kwenda Dar na mara chache Zambia.

JIBU
Chukua ya 2012 na usiwasikilize. Euro 6 ilikuwa lazima kwa malori yote mapya Ulaya kuanzia 2014, na ilitengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango chetu Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kilikuwa 50. Hiyo tofauti inaenda kukaa kwenye chujio la moshi, ile DPF, ambayo bei yake ikifa utatamani kulia. Na wewe uko Tunduma, foleni ya mpakani unaijua kuliko mimi, gari inakaa inaunguruma masaa na masaa bila kutembea. DPF inajisafisha ekzosi ikiwa ya moto sana, yaani gari ikiwa mwendoni na mzigo, ukiwa kwenye foleni inajaza masizi tu. Alafu atakuja fundi atakwambia ngoja niitoboe niidanganye kompyuta, sasa ulilipia Euro 6 ya nini?

Ila na hiyo ya 2012 kuwa makini. Euro 5 za Scania ziko za aina mbili, kuna zinazotumia AdBlue, yale maji ya kusafisha moshi, na kuna zinazozungusha moshi tena kwenye injini ambazo haziihitaji kabisa. Muombe anayekuuzia picha ya ubavu wa gari, angalia kama kuna tenki dogo lenye kifuniko cha bluu. Mimi kwa kazi zako ningetafuta isiyo na hilo tenki. Ukiikosa ukachukua yenye AdBlue basi jua inakula kama lita 5 kwa kila lita 100 za dizeli, ikiisha kompyuta inaipunguza gari nguvu, na kupanda Kitonga na nguvu nusu ni mateso. Na nimeshasikia watu wanachukua mbolea ya urea ya shambani wanakoroga na maji ya bomba wanatia humo. Usithubutu. AdBlue kweli ni urea, asilimia 32.5 na maji safi yasiyo na chumvi, lakini urea ya mahindi ina mengine ndani yake na maji ya bomba yana chumvi, vikifika kwenye ile bomba ya moto vinaganda kama chokaa na kuua mfumo wote.

SWALI
Fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa Mbeya, nina Canter ya injini 4D33 inanibebea ndizi toka Tukuyu. Ikifika kupanda kuelekea Isyonje inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi, hata bodaboda zinatupita. Fundi wangu anataka aifunge turbo, mwingine anasema nisubiri nikusanye hela ninunue injini nzima ya turbo. Nimsikilize nani?

JIBU
Nzuri mama yangu, pole na milima. Msikilize wa pili, ila hata yeye asubiri kidogo, kuna kazi ndogo ya kufanya kwanza.

4D33 haina turbo, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na huko juu Uporoto hewa ni nyepesi. Injini ya namna hiyo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, barabara yako inavuka mita 2,000, kwahiyo karibu asilimia 20 imeenda kabla ndizi hazijapakiwa. Hilo halina ubaya wowote ni maumbile. Lakini moshi mweusi ni kitu kingine, maana yake dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa iliyopo. Mara nyingi fundi ukimwambia gari haina nguvu anafungua pampu iongeze mafuta, inatoa moshi zaidi, inachemka zaidi, na nguvu haiongezeki kwa sababu hewa ni ileile. Anza na filta ya hewa, itoe uiangalie kwenye mwanga wa jua, kama huoni mwanga upande wa pili ni ya kutupa. Nozeli zipelekwe zikapimwe kwenye mashine. Valvu ziwekwe kwenye kipimo. Pampu irudishwe kwenye kipimo chake. Hayo yote ni hela ndogo na kwa gari nyingi za huku yanarudisha nguvu unayoisikia kabisa.

Turbo ya kubandika usikubali. Injini inayotengenezwa na turbo tangu kiwandani ina pistoni tofauti, mgandamizo wake wa silinda umepunguzwa, na ina njia ya oili ya kupoza na kulainisha hiyo turbo. Ukiibandika kwenye 4D33 itapanda vizuri miezi michache, alafu utasikia gasketi ya hedi imeungua au pistoni imetoboka, na siku hiyo utakuwa na ndizi zinaiva nyuma.

Kama baada ya marekebisho bado haikutoshi basi ndo uanze kukusanya hela ya 4D34 ya turbo, hiyo ni lita 3.9, ndogo kidogo kuliko yako ya 4.2 lakini mlimani inaishinda kwa mbali. Nunua ikiwa kamili na gia boksi yake, uisikie ikiunguruma kabla hujatoa hela, na rejeta muiangalie kama inatosha. Mkishaifunga namba ya injini haitalingana tena na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, usiache hivyohivyo ukasubiri kukamatwa, ikaguliwe na trafiki alafu upeleke TRA wabadilishe kadi, nenda na risiti na hati ya kuuziwa hiyo injini.